DEREVA NAYE NI RAIA



Katika mkutano wa tawi letu uliofanywa Karatina, mwenzetu mmoja ambaye ameendesha malori kwa miaka 31 aliomba nafasi ya kusema. Mkutano ulikuwa umeitwa kwa habari ya posho ya safari, na mwenyekiti alikuwa karibu kuufunga kwa kuwa mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Mzee huyu hakusema neno juu ya posho. Alisema hivi: "Siku niliyoandikwa kazi, tajiri aliandika mikono miwili na mguu wa kukanyaga breki. Kinywa hakukiandika. Nikimwambia barabara ni mbovu, asema endesha. Nikimwambia polisi wameniweka ndani bure, asema siasa waachie wenyewe. Sasa nataka chama kiniambie: nyinyi mmeniandika mzima mzima, au nanyi mwataka mikono tu na ada ya kila mwezi?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Baada ya hapo palikuwa na makelele. Wengine walisema kazi ya chama ni mshahara, na kwamba mambo ya barabara yana Wizara yake na mambo ya polisi yana mawakili wake. Kijana mmoja wa Nanyuki akauliza, kama chama hakisemi juu ya barabara, basi dereva amwambie nani, injini? Mvua ikatukuta tungali tunabishana. Sisi wa kamati ya gazeti hili tuliahidi ya kwamba tutajibu kwa maandishi, na jibu letu ni hili.

Tuanze na barabara, kwa maana ndiyo ofisi yetu. Karani huketi kitini, mwalimu husimama darasani, na dereva hukaa barabarani. Barabara ya kutoka Kenol kupita Sagana na Karatina hata Marua, kilomita 84, ilianza kupanuliwa wakati wa Rais Uhuru Kenyatta kwa fedha za Serikali na za mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kila dereva wa sehemu zetu anakumbuka ilivyokuwa zamani. Ulikuwa na njia moja ya kupanda na moja ya kushuka. Lori la viazi lilipopanda kilima cha kuja Karatina kwa gia ya pili, nyuma yake palijipanga magari 20, na kila mwenye gari dogo akiona haki yake ni kupita penye kona. Twawajua waliokufa hapo. Wengine tuliwabeba sisi wenyewe mpaka hospitali, na nguo zetu zikabaki na damu yao hata mwisho wa safari. Kwa hiyo hatuoni haya kusifu kazi iliyofanywa. Sehemu kubwa ya njia hiyo sasa ni pana, na usiku dereva hapofushwi tena na taa za gari linalomjia usoni.

Lakini mzee wetu aliuliza swali ambalo wenye ramani hawakuulizwa. Alisema barabara ni pana, nami nilale wapi? Mtu anayetoka Isiolo au Meru na mzigo, akafika Sagana saa sita ya usiku macho yamekwisha, yuko wapi uwanja wa kuegesha treila, penye taa, choo na maji, na mlinzi wa kumzuia mwizi wa dizeli? Pa kulala namna hiyo ni pa kutafuta kwa tochi. Basi dereva huegesha ukingoni mwa njia. Akiegesha ukingoni, polisi humshitaki kwa kuzuia magari; asipoegesha, usingizi humshitaki, nao hauna faini bali kaburi. Kiwanja cha kulaza malori si anasa ya kumpendeza dereva. Ni sehemu ya barabara kama vile daraja lilivyo sehemu ya barabara.

Tena iko habari ya njia ndogo. Vijiji vya Othaya, Tetu, Mathira na Mukurweini vinaishi kwa majani ya chai na kahawa. Majani mabichi ya chai hayangoji. Yakishindiliwa ndani ya lori kwa saa nyingi hupata moto, hugeuka rangi, na kiwandani hukataliwa. Lori likizama kwenye matope mwezi wa Aprili, mkulima hupoteza jasho lake la wiki, na dereva huonekana mzembe. Zile njia zilizoitwa Barabara za Mau Mau, zilizoahidiwa watu wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, zilianza kwa ngoma, kisha mahali pengi matingatinga yakaondoka kwa sababu wakandarasi hawakulipwa. Tumepita hapo. Njia iliyochimbwa ikaachwa ni mbaya kuliko njia ambayo haikuguswa kabisa.

Na jina hilo lisipite hivi hivi. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu 1952, mama zetu walitolewa vijijini kwa filimbi wakachimba njia na mahandaki kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, bila mshahara, askari akiwa amesimama nyuma yao. Lile handaki kubwa la kuwatenga wapiganaji wa msituni na watu wao lilikuwa na urefu wa karibu maili 50. Ukiuliza ni nani aliyejenga barabara za milima hii, jibu la kwanza si jina la mkandarasi.

Huko upande wa Meru liko daraja la Nithi. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia hapo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Baada ya msiba zilikuja kamati, na wakubwa wakapiga picha. Madereva walikuwa wamesema juu ya mteremko ule na kona ile miaka mingi kabla, wakisemea mezani penye chai na mandazi kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kusemea. Hapo ndipo tunapoona ya kwamba kumnyima dereva kinywa si jambo la adabu tu. Lina hesabu yake ya maiti.

Watu husema, nyinyi madereva mnadai barabara, je, mnalipa nini? Tunalipa kila siku. Mwezi wa Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 hata 25 kwa kila lita ya mafuta. Lori linalotia lita 400 limetoa shilingi 10,000 kabla halijatoka petroli stesheni, na mwaka mmoja kabla ya hapo Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa imekwisha pandisha kodi ya mafuta ya VAT kutoka asilimia 8 hata 16. Mwaka 2025 Serikali iliweka shilingi 7 za kila lita kuwa dhamana ya kukopa, ili iwalipe wakandarasi madeni ya shilingi bilioni 175. Twajua ya kwamba risiti ni ya tajiri. Lakini twajua pia tajiri anakwenda kuzitafuta wapi fedha hizo zikimpungukia: kwanza kwenye posho ya dereva, kisha kwenye tairi lililokwisha, ambalo husemwa litakwenda safari moja zaidi.

Sasa tuje kwenye saa za kazi, ambalo ndilo jambo tunaloliona kubwa kuliko yote haya. Sheria ya Barabarani, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, inasema mtu asiendeshe gari la biashara kwa jumla ya zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyi kazi siku moja ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 zenye mshahara kila mwaka. Maneno mazuri haya. Hebu tuyaweke kwenye usukani.

Kutoka Mombasa hata Nyeri ni kama kilomita 630. Lori kubwa limefungwa chombo cha kuzuia mwendo, lisipite kilomita 80 kwa saa, tangu kanuni za Waziri John Michuki za mwaka 2003. Gawanyeni wenyewe: kama lori lingetoka getini bandarini likakimbia kilomita 80 bila kupunguza, bila mizani ya Mariakani, bila foleni ya Mlolongo, bila kilima, bila dereva kushuka kujisaidia, lingefika Nyeri baada ya karibu saa 8. Yaani sheria ingekuwa imekwisha kabisa mlangoni pa ghala. Na hakuna lori la namna hiyo duniani. Kwa hiyo tajiri anapopiga simu saa kumi ya jioni akasema, "Mzigo uwe Nyeri asubuhi," hajatoa amri ya kazi. Ametoa amri ya kuvunja sheria. Lakini akikamatwa mtu, hukamatwa aliyeko kabinini, si aliyepiga simu. Na akianguka, gazeti huandika dereva alisinzia.

Kwa nini dereva haambii tajiri, hapana, nitalala Mtito Andei? Mzee wetu alijibu neno moja: barua. Hana barua ya kazi. Wengi wetu hatuna. Mtu huajiriwa kwa kupeana mikono na funguo, na siku akikataa amri, funguo hurudishwa na kazi imekwisha. Sheria ya Kazi yasema kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na mwenye wajibu wa kuuandika ni mwajiri. Yasema tena ya kwamba kesi ikifika kortini na mwajiri ameshindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake, si wa mfanyi kazi. Na mtu asifukuzwe kwa makosa kabla hajaelezwa kosa lake na kusikizwa, naye ana haki ya kuja na mfanyi kazi mwenzake au mjumbe wa chama. Juu ya kukatwa mshahara kwa mali iliyoharibika, tajiri aweza kukata kiasi cha haki tu, na iwe mfanyi kazi aliharibu kwa makusudi. Gunia la viazi lililooza kwa sababu njia ilifungwa na mafuriko si makusudi ya dereva, isipokuwa kama tajiri anaamini sisi ndio tunaoleta mvua.

Habari ya mizani nayo ni hiyo hiyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari inaweka mwisho wa tani 56 kwa lori kubwa kabisa, na kila ekseli ina kipimo chake. Twaiunga mkono, maana lori lililozidishwa mzigo huvunja barabara ambayo sisi ndio tunaorudi juu yake kesho. Lakini dereva hapakii. Hukuta mzigo umepakiwa, turubai limefungwa, karatasi imeandikwa tani za uwongo. Asipoondoka, yuko mwingine anayengoja funguo.

Tuseme sasa juu ya polisi, na tuseme kwa adabu lakini wazi. Wako askari wema barabarani. Tumesaidiwa nao usiku, mtu akishika tochi huku sisi tukibadilisha tairi. Lakini mwanachama wetu mmoja alisimamishwa siku ya Ijumaa mchana akaonekana hana leseni mfukoni. Alikuwa ameisahau nyumbani. Kosa hilo limo katika orodha ya makosa madogo ya mwaka 2016, na faini yake ni shilingi 1,000. Alipokataa kutoa kitu kidogo, aliwekwa ndani ya kituo ambacho hatutakitaja, akakaa hata Jumatatu. Lori lilibaki kando ya njia na nyanya. Siku tatu za jua, ndugu zetu, mnajua nyanya huwaje.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa afikishwe kortini katika muda wa saa 24, na kama saa hizo zinaishia siku isiyo ya korti, basi siku ya korti inayofuata. Kwa ajili ya maneno hayo ya mwisho, Ijumaa ndiyo siku inayopendwa na wenye kutaka kitu kidogo. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea kusema ya kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa lenye adhabu ya faini tu, au ya kifungo kisichozidi miezi 6. Mwanachama wetu hakuyajua maneno haya. Twakiri kosa: hata sisi wa kamati, wawili tu ndio tuliokuwa tunayajua, na ada yake tulikuwa tumepokea miaka 4.

Wale wanaosema mambo haya si ya chama cha wafanyi kazi, twawaomba wakumbuke mji wa Nyeri wenyewe. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunganisha vyama kadhaa kuwa shirikisho moja, East African Trade Union Congress. Kubai alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyi kazi wa uchukuzi, yaani watu wa usukani kama sisi. Tarehe 15 Mei 1950 wote wawili walikamatwa, na wafanyi kazi wa Nairobi wakagoma. Serikali ya kikoloni iliona Nairobi ina moto, ikaleta shauri la Makhan Singh huku Nyeri, mbele ya Jaji Thacker, yule yule ambaye baadaye alimhukumu Kenyatta na wenzake, Kubai akiwamo, kule Kapenguria. Kutoka Nyeri Makhan Singh alipelekwa jangwani kaskazini, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Alisumbua kwa sababu alisema mshahara na uhuru ni neno moja. Kama angalidai senti tu, labda wangalimpa senti mbili wakamwacha alale nyumbani kwake.

Na tena dereva, kuliko mfanyi kazi mwingine yeyote, ndiye anayeijua haki ya kwenda apendako, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Babu zetu walifungwa kipande shingoni tangu mwaka 1920, ndani ya kikopo cha bati, na bila kipande hawakuweza kutafuta kazi. Baada ya Aprili 1954, Nairobi iliposombwa katika ile Operesheni Anvil, Mkikuyu, Mwembu na Mmeru hakuweza kuishi wala kufanya kazi mjini bila kitabu cha ruhusa. Tulidhani mambo hayo yalikwenda na bendera ya Mwingereza. Kisha Januari 2008, baada ya uchaguzi ulioharibika, mwenzetu huyu alikuwa na lori la mbao katika barabara ya Eldoret. Njia ilifungwa kwa mawe, na vijana wenye mapanga waliomba kitambulisho. Hawakutaka kujua leseni. Walitaka kusoma jina.

Alituambia ya kwamba aliyemwokoa ni tanboi wake, mtu wa kabila lililokuwa linafunga njia hapo, aliyeshuka akasema kwa lugha yao, "Huyu ni baba yangu." Alilala sakafuni pa kabini chini ya blanketi kutoka hapo hata Nakuru, na tanboi, ambaye hakuwa na leseni, ndiye aliyeshika usukani. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika nchi siku hizo. Mzee alipomaliza habari hii alisema, "Sasa mniambie siasa si kazi yangu."

Hatuwezi kumwambia hivyo, wala hatumwambii.

Lakini iko siasa na siasa. Tangu Oktoba 2024, Bw. Rigathi Gachagua, mtu wa Mathira hii hii, alipoondolewa na Bunge katika kiti cha Naibu wa Rais, hapana hoteli ya chai kutoka Sagana hata Timau ambapo watu wanakula kwa amani. Katika matawi yetu wako wa upande huu na wako wa upande ule. Chama hiki hakitamwambia mwanachama ampigie nani kura, na mjumbe atakayetumia mkutano wetu kumtangaza mgombea ataambiwa akodi uwanja wake mwenyewe. Tutakalomwuliza kila mgombea, awe wa jogoo au wa ngano au wa kitu kingine watakachochora, ni juu ya viwanja vya kulaza malori, wakaguzi wa kazi, na polisi wa Ijumaa. Akijibu kwa kutaja kabila, tumemjua.

Katika neno moja tunatofautiana na mzee wetu. Alitaka siku moja malori yote yaegeshwe kukata njia pale Marua mpaka Waziri aje mwenyewe. Makofi yalipigwa sana. Twauelewa uchungu wake, na twaona jinsi vijana walivyosikizwa Juni 2024: walijaza miji, na Nyeri ikiwamo, Bunge likaingiliwa tarehe 25, na kesho yake Rais Ruto akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha. Wengine hawakurudi makwao, na damu yao haijakauka moyoni mwa nchi. Hatusemi walikosa kuandamana. Katiba, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki hiyo bila silaha, na kifungu cha 41 kinampa mfanyi kazi haki ya kugoma. Lakini mgomo una njia yake katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007: shauri lipelekwe kwa mpatanishi kwanza, na ikishindikana itolewe ilani ya siku 7. Tukiruka njia hiyo, watakaofukuzwa ni wale wale wasio na barua. Na nani atakayezuiwa pale Marua? Mama wa nyanya anayekimbilia soko la Karatina, na gari la wagonjwa linaloshuka kutoka Nanyuki. Waziri ana helikopta.

Kwa hiyo kamati imeamua tuanze pale ambapo funguo hutolewa. Kuanzia mwezi ujao, kila tawi, Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, litaandika orodha ya wanachama wasio na barua ya kazi. Chama, si dereva mmoja mmoja, kitawaandikia matajiri, ili pasiwe na mtu wa kuonyeshwa kidole. Tajiri asiyejibu kwa siku 30, jina lake litapelekwa kwa ofisa wa kazi. Kila dereva atapewa daftari ndogo ya kuandika saa aliyoanza safari, mahali aliposimama, na saa aliyopigiwa simu ya kuhimizwa. Iandikwe kwa kalamu ya wino. Nyuma ya daftari tutapiga chapa maneno ya kifungu cha 49 kwa Kiswahili, pamoja na nambari ya simu ya katibu wa tawi, ambaye ameahidi kutoizima siku ya Ijumaa.

Liko jambo moja la kuaibisha, nalo ni letu wenyewe. Madereva wengi mnaodai barua mmewaajiri tanboi kwa mkono wenu, mnawalipa mnachotaka siku mnayotaka, na usiku wa baridi ya Naro Moru wao hulala juu ya mzigo chini ya turubai huku nyinyi mkilala kabinini. Tanboi hana kadi ya chama kwa sababu hakuna aliyemwambia aje. Kamati imekata shauri kumpokea tanboi kwa nusu ya ada, na katika barua tutakazowaandikia matajiri jina lake litaandikwa chini ya jina la dereva, kwa mshahara unaotoka kwa tajiri.

Mzee wetu aliposomewa maneno haya kabla hayajapigwa chapa, alisema ni sawa isipokuwa hiyo ya Marua. Tulimwuliza habari ya yule tanboi wa Januari 2008. Alisema baadaye alipata leseni, naye sasa ana lori anapeleka ng'ombe njia ya Isiolo na Moyale. Hana barua. Mzee amesema atamleta kwenye mkutano ujao, siku ya Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane ya mchana, mahali pale pale.